Chumba Kisicho na Pole

Ukitoka mapokezi, ukaupita mlango wa meno na mlango wa macho, mwisho wa korido utakuta chumba chenye pazia la maua na, nje yake, benchi refu la mbao. Ndani ya chumba huoshwa na kufungwa vidonda vya watoto. Kwenye benchi hukaa watu wazima waliofukuzwa.

Anayewafukuza ni nesi mmoja mfupi, mnene, mwenye miwani ya kamba inayolala kifuani kama mtoto aliyeshiba, na kosa lao huwa ni lile lile: wamesema pole.

Sheria yake haijaandikwa popote. Huitaja pale mlangoni, kabla mzazi hajamvua mtoto viatu. “Mle ndani tunaimba, tunasimulia, tunauliza maswali ya kipuuzi. Ukitaka kupiga mluzi, piga. Ila usimwambie mtoto pole. Ikikutoka, utoke nayo.” Watu hucheka wakidhani ni mzaha. Kisha bendeji huanza kufunguliwa, mtoto hukunja uso, na pole huwatoka kama chafya. Wametolewa kina mama na kina baba, wametolewa mashangazi wenye mikoba, ametolewa mchungaji mmoja aliyekuja kumwombea mjukuu wake. Baba mmoja alitolewa akiwa bado ameshikilia “po” mdomoni. Hata daktari wa zamu, kijana mrefu mwenye sauti laini, amelikalia benchi lile mara nyingi kiasi kwamba wagonjwa wengine hudhani ndipo ofisi yake ilipo.

Basi mtaani wakampa jina: Bila Pole. Jina likamganda, hata muuza nyanya humwita hivyo kwa sauti ya mapenzi, “Bila Pole, leo umenisahau!” Naye huitika. Mtu hulizoea jina baya kama anavyozoea kiatu kinachobana: siku moja unagundua umeshafika mbali nalo.

Sheria hiyo hakuzaliwa nayo. Zamani, alipokuwa bado akifunga vidonda vya watu wazima, alipelekwa semina, akamsikia mkufunzi akisema kwamba ile sauti ya kubembeleza, pole baba, pole mama, pole sana, humwambia mtoto jambo moja tu: kwamba hatari imeshafika. Bila Pole alikunywa soda yake, akaona huyu mkufunzi hakulelewa. Mtu aumie, umtazame tu kama televisheni? Akarudi kazini na cheti, akaendelea kusema pole kama kila mtu aliyefunzwa adabu na mama yake.

Kisha akamwona mtoto wa koridoni. Kilikuwa kitoto cha miaka mitatu hivi, kinakimbiza kifuniko cha soda. Kikateleza, kikaanguka kifudifudi, pwaa! Kikainuka, kikajipangusa viganja kwenye kaptula, kikageuka kutafuta kifuniko chake. Kina mama waliokuwa kwenye foleni wakapaza sauti kwa pamoja: “Pole! Pole baba! Uwii, pole!” Mtoto akasimama. Akawatazama usoni mmoja mmoja. Akayatazama magoti yake, akavitazama viganja vyake, akitafuta ni wapi panapouma. Hakupaona. Lakini watu wazima wote wale hawawezi kukosea, basi akafungua mdomo, akalia kwa heshima yao.

Bila Pole alisimama pale na beseni mkononi, akaelewa. Maumivu ya mtoto ni kitu kidogo chenye macho. Kabla hayajakua, huutazama kwanza uso wa mtu mzima, yakauliza: niwe mkubwa kiasi gani?

Tangu siku hiyo akaomba chumba cha watoto, akakipanga anavyojua. Dawa ya maumivu mtoto hunywa mapema, kabla hajaitwa, ili ikute mwili umetulia. Hakuna kulazwa chali na kushikiliwa kama mwizi. Mtoto hukaa wima mapajani pa mtu wake. Bendeji iliyokauka hailazimishwi, hulowekwa kwa maji ya uvuguvugu mpaka iachie yenyewe, kama mgeni anayeaga kwa hiari. Na hakuna kudanganya. “Ukimwambia haiumi, ikauma,” huwaambia wazazi, “amejifunza mambo mawili kwa pamoja: kwamba inauma, na kwamba wewe ni mwongo.”

Lakini Mungu naye ana mizaha yake. Nesi anayefukuza pole aliolewa na mwana wa mwanamke ambaye pole ndiyo kazi yake duniani.

Mama mkwe wake, mtaa mzima ulimwita Mama Rambirambi. Hakukuwa na kilio asichohudhuria wala homa asiyoijua. Alikuwa na pole ya kidole kilichojikwaa, fupi, kavu. Ya homa, iliyorefushwa kidogo. Na ya msiba, ile iliyoanza juu ikashuka taratibu kama mtu anayeteremka ngazi gizani, na alipofika chini hakuna jicho lililobaki kavu. Aliwapa pole waliotoka kazini, waliotoka safarini, waliotoka kuoga maji ya baridi. Aliwahi kumpa pole bibi harusi. Jirani mmoja aliibiwa baiskeli mbovu aliyokuwa ameshatafuta namna ya kuitupa. Akaenda kwa Mama Rambirambi akicheka, akarudi kwake analia.

Wanawake hawa wawili walikaa nyumba moja miaka mingi kwa amani ya aina ile inayoombwa isiguswe. Hawakugombana. Walipeana chumvi, walipeana kiti. Lakini mama mkwe alikuwa na neno lake kifuani, na kila Bila Pole alipopita, alilisikia likijigeuza humo ndani kama paka kwenye gunia.

Neno lenyewe lilitoka kwa sababu ya mjukuu wa Bila Pole.

Mjukuu huyu alikuwa na miaka mitano, na nyumbani walimwita Hedimasta. Hakuna mtu mzima aliyewahi kusema jambo mbele yake likapita bila kusahihishwa. Ukisema jana mvua ilinyesha asubuhi, atakwambia haikuwa asubuhi, ilikuwa watu wameshakunywa chai. Babu yake, mume wa Bila Pole, fundi wa mafriji, alimpenda kwa hilo. Kutwa nzima mtoto alikaa naye karakana, amekalia kopo la rangi, akimkumbusha parafujo gani imeenda wapi.

Siku moja, akiwa safarini na mama yake, Hedimasta alijimwagia chai ya moto pajani. Mama yake, ambaye ni binti wa Bila Pole, alimkimbiza kwenye zahanati ya karibu, na huko watu walikuwa na haraka. Bendeji ya kwanza ikakaukia juu ya kidonda. Siku ya kuibadilisha, ikabanduliwa kavu kavu. Wawili walimshika mikono, mmoja kichwa, na mama yake mzazi akapewa mguu. Na wote, huku wanabandua, wakiimba kwa huruma ya kweli: pole, pole, pole baba, pole.

Aliporudi nyumbani hakuwa Hedimasta tena. Hakusahihisha mtu. Alitembea ameukaza mguu kama fimbo, na akawa anaogopa kila kitu cheupe. Aliona shuka, akalia. Aliona sahani, akalia. Karakanani hakukanyaga, maana mafriji ya watu yalikuwa yamejipanga mle kama manesi. Friji la nyumbani, babu yake alilivisha gauni kuukuu la maua, likasimama pale jikoni kama shangazi aliyekuja kwa wiki moja akakataa kuondoka. Na mama yake alipomsogelea, mtoto alikunja miguu.

“Nilimshika mguu, mama,” binti alimwambia Bila Pole, amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, anavunja kijiti vipande vipande. “Sasa ananiangalia kama polisi.”

“Ataacha.”

“Lini?”

Bila Pole hakuwa mtu wa kuahidi asichokijua.

Daktari wa zamu alimwona mtoto kwa mbali, maana kwa karibu haikuwezekana, akasema wazi. “Bendeji ibadilishwe keshokutwa, isipite. Tukishindwa hapa, itabidi aende hospitali kubwa, wawe wanamtia usingizi kila mara ya kubadilisha. Siyo vibaya, nesi. Wanajua kazi.”

Bila Pole alijua wanajua kazi. Alijua pia kwamba ni mbali, kwamba mtoto angelala wodini wiki baada ya wiki na kuamshwa na njaa kwa sababu anayetiwa usingizi hali kitu, na kwamba wodi ile ni nyeupe toka sakafuni hadi darini. Mtoto angerudi na paja zima, lakini hakujua kama Hedimasta angerudi.

Wakamuuliza mtoto mwenyewe atakaa mapajani pa nani. Mama? Akatikisa kichwa. Babu? Akatikisa.

“Bibi Mkubwa,” akasema.

Bibi Mkubwa alikuwa Mama Rambirambi.

Jioni hiyo walifanya mazoezi sebuleni. Ilikuwa shauri la fundi friji, aliyeamini kwamba hakuna mashine isiyoweza kujaribiwa kabla ya kumrudishia mteja. Akalala yeye mkekani badala ya mtoto, mtu mzima mwenye kitambi, amefungwa kitambaa kilicholoweshwa pajani, kichwa chake mapajani pa mama yake. Mtoto alikuwa chumba cha pili, mlango wazi, amegeukia ukuta. Bila Pole akapiga magoti na beseni.

“Mama,” akasema kwa upole wote aliokuwa nao, “nitakapofungua, naomba usimwambie pole.”

“Nimesikia. Mimi si mtoto.”

Bila Pole akainua ncha ya kitambaa. Fundi, aliyetaka kuigiza vizuri, akatoa mlio wa mbuzi anayepelekwa mnadani.

“Pole mwanangu!” akasema mama yake.

Mtu yeyote mwingine angeambiwa nje. Lakini mama mkwe humwambii nje. Mdomo unaweza kuoza. Bila Pole akamtazama mumewe. Mumewe akatazama dari.

“Mama,” akasema fundi hatimaye, “karibu kidogo ukapunge hewa barazani.”

Akaenda kupunga hewa, akarudi. Wakaanza tena. Safari hii alijitia pembe ya khanga mdomoni. Pole ikatokea puani, lakini ilieleweka. Akaenda barazani. Akarudi.

“Maskini ya Mungu!” akasema mara ya tatu.

“Mama, hiyo ni pole iliyobadilisha nguo,” akasema mwanawe.

“Jamani, jamani.”

“Hiyo ni dada yake.”

“Mtoto wa watu, dunia hii, ee Mola wangu, kakosa nini kiumbe huyu!”

“Hiyo ni pole na ukoo wake wote. Mama, nina miaka hamsini na nne na umenifanya nitake kulia, na sina kidonda.”

Mama Rambirambi akamsukuma kichwa kutoka mapajani, akainuka. “Mdomo huu,” akasema, “haujamnyima mtu pole hata siku moja. Leo mnanitaka nimpakate kitukuu changu anaumia, nikae kama kinu? Haya. Labda wengine wanaweza.” Akamgeukia mkwewe. “Wewe unaweza. Siku alipokufa baba yenu, nyumba nzima imejaa watu, hata muuza maziwa kanipa pole. Wewe hukunipa. Neno moja hukusema.”

Paka alikuwa ametoka kwenye gunia.

Bila Pole aliweka beseni chini. “Nilikaa miguuni kwako, mama. Ilikuwa imevimba. Niliikanda mpaka jioni.”

“Nakumbuka. Nilidhani unatafuta pete iliyoanguka.”

“Nilikuwa nakupa pole kwa mikono.”

“Miguu yangu,” akasema Mama Rambirambi, “haina masikio.”

Fundi alibaki mkekani na kitambaa chake kilicholowa. Bila Pole alitazama maji ya beseni yanavyotulia, akawaza kwamba miaka yote hii alikuwa ameutuma ujumbe kwa njia yake, na ujumbe haukufika, na hakuna wa kulaumiwa, si aliyeutuma wala aliyeungoja kwenye mlango mwingine.

Mama Rambirambi, kwa kutaka kuondoka na heshima yake, akageukia chumba cha pili kumwita mtoto wakalale. Na kama kila siku, jina likampotea. Akamwita kwa jina la babu yake. Akamwita kwa jina la mjomba wake aliyehamia mbali. Akamwita kwa jina la mbwa wa jirani.

“Siyo!” ikatoka sauti kule ndani.

Akajaribu jina la shangazi.

“Huyo ni mwanamke!” Mtoto alitokea mlangoni amekunja uso. “Bibi Mkubwa, unakosea kila siku! Na huyo mwingine ni mbwa!” Alikuja moja kwa moja mpaka katikati ya sebule, akalipita beseni, akaikanyaga ncha ya kitambaa, ili aseme vizuri. Na alitembea kwa miguu yote miwili. Ule mguu wa fimbo ulikunjika kama mwenzake, maana mwenye nao alikuwa na kazi nyingine.

Bila Pole na mumewe wakatazamana.

Usiku ule ule ulipoanza kuingia, nesi alimfuata mama mkwe chumbani, akagonga mlango. “Mama,” akasema, “sitakuomba tena unyamaze. Nakuomba usimulie. Kile kisa cha bata aliyeingia karakanani. Ila ukisimulie kwa makosa.”

“Nikosee kusudi?”

Bila Pole alitafuta jibu la adabu, hakulipata.

“Kama kawaida yako, mama!” fundi akapiga kelele kutoka sebuleni.

Siku ikafika. Bila Pole hakuvaa sare. Alivaa gauni la kijani la kwendea sokoni. Kila cheupe chumbani alikifunika. Koti la daktari, kwa amri yake, lilitundikwa kwenye msumari nje, juu ya benchi. Mtoto alikuwa ameshakunywa dawa ya maumivu na muda umeipa nafasi. Akaingia amebebwa, uso ameuficha shingoni mwa Bibi Mkubwa. Binti alibaki nje ya pazia. Vidole vya viatu vyake vilionekana chini.

“Naanza kwa maji,” Bila Pole akamwambia mtoto. “Ya vuguvugu. Nikifika pale palipogandia patauma kidogo, nitakwambia kabla. Kona ya mwisho utatoa mwenyewe au nitoe mimi?”

Mtoto alikuwa ameanza kutetemeka.

“Kulikuwa,” akasema Mama Rambirambi, “kulikuwa siku moja, babu yako yuko karakana. Mara akaingia mbuzi.”

Maji yakadondoka kwenye beseni.

“Bata,” ikatoka sauti shingoni mwake.

“Mbuzi. Nilimwona mimi. Mbuzi mwenye ndevu. Akazunguka, akazunguka, akaona friji la yule mama wa saluni liko wazi. Akaingia. Akataga yai.”

Kichwa kikainuka. “Mbuzi hatagi!”

“Huyu alitaga.”

“Bibi Mkubwa! Mbuzi anazaa! Alikuwa bata!”

“Haya, bata mwenye ndevu.”

Bila Pole alikuwa akimimina maji, anainua, anamimina. Daktari alisimama nyuma yake, mikono mgongoni, ameishikanisha kama mtu asiyejiamini. Tabaka la juu likatoka. La pili likatoka. Likabaki la ndani, lililogandia.

“Hedimasta, hapa ndipo panapouma kidogo,” Bila Pole akasema. “Sasa.”

Paliuma. Macho ya mtoto yakajaa, mdomo ukafunguka, na kabla sauti haijatoka aliinua macho, akautazama uso wa Bibi Mkubwa. Akauuliza.

Bila Pole aliliona swali lile, kama alivyoliona mara elfu. Alimwona mama mkwe wake akivimba mashavu. Pole ilikuwa mle, kubwa, ya moto, kama kiazi kilichotoka motoni sasa hivi. Aliiona inamzunguka mdomoni, inatafuta pa kutokea. Machozi yalimlenga yule mama. Akafumba macho. Akameza. Koo likapanda, likashuka.

“Basi,” akasema, na sauti ilikuwa kavu kama mkate wa juzi, “yule bata akapanda juu ya friji, akafungua mdomo wake, akaimba wimbo wa taifa.”

Mtoto, machozi yanamteremka, akavuta pumzi ya kilio akaitumia kwa jambo jingine. “Ha-ha-hakuimba!”

“Aliimba. Babu yako akasimama wima.”

“Babu alianguka! Alianguka matako!”

“Juu ya friji jekundu.”

“Jeupe! Friji jeupe! Jeupeee!”

Nje ya pazia, vile viatu vilisogea. Kitambaa cha ndani kilikuwa kimeachia, kimebakia kona. Kidonda kilionekana, chekundu, kibichi, safi. Daktari akainama kukitazama. Aliona kwamba kinapona. Lakini aliona pia ukubwa wake kwenye paja dogo namna ile, na kabla hajajizuia sauti yake laini ilimtoka:

“Ooh, pole, kijana.”

Bila Pole alifungua mdomo, lakini kuna aliyemtangulia.

“Nje!” akafoka Mama Rambirambi. Kidole chake kilikuwa kimenyooka kuelekea mlangoni kama mkuki. “Nje, baba! Wenzio tunameza, wewe unatema?”

Daktari akatoka. Wakasikia benchi likimpokea. “Kinaendelea vizuri,” sauti yake ikaja kupitia pazia, yenye adabu. “Safi kabisa. Hakuna haja ya hospitali kubwa.”

“Tumesikia,” akasema Mama Rambirambi. “Kaa hapo hapo.”

Kona ya mwisho Hedimasta aliitoa mwenyewe, kwa vidole viwili, ulimi nje, kama babu yake anavyotoa fyuzi. Bila Pole akapaka dawa, akafunga bendeji mpya, nyeupe. Mtoto aliitazama, akakunja uso, kisha akasema imepinda. Ilikuwa imepinda kweli. Ikanyooshwa.

Hapo nguvu za nesi zikamwishia. Alirudi nyuma kuweka beseni, akagonga kidole gumba cha mguu kwenye gurudumu la chuma la kitoroli cha dawa, kwa kishindo kilichosikika mpaka kwa daktari wa meno. Akaketi sakafuni pale pale, gauni la kijani limetandaa, machozi yanamtoka, na hakujua ni ya kidole au ya nini.

Mama Rambirambi alimtazama. Alikuwa na pole moja aliyoimeza, bado ya moto. Sheria ilimhusu mtoto tu, na kidole kilichojikwaa kilikuwa fani yake. Mdomo ukafunguka. Ukafungika. Alimteremsha mtoto, akashikilia meza, akashuka taratibu, magoti yanalia, mpaka akafika sakafuni. Akauchukua mguu wa mkwewe, akauweka mapajani pake, akaanza kuukanda. Hakusema neno. Aliukanda kidole kwa kidole, kichwa ameinamisha, kama mtu anayesoma barua iliyochelewa miaka.

Bila Pole alimwacha. Masikio ya mguu yalikuwa yamefunguka.

Hedimasta alisimama juu yao, mikono kiunoni, anawatazama kwa uchungu wa mtu anayefanya kazi na wajinga. “Bibi Mkubwa, umekosea tena! Mtu akijigonga anaambiwa pole.” Akamwinamia nesi. “Pole, Bibi.”

Bibi hao wawili wakatazamana pale sakafuni. Kisha, kwa pamoja, wakanyoosha vidole.

“Nje!”

Mtoto alishangaa. Alitaka kubisha, lakini sheria ni sheria, na yeye alikuwa mtu wa sheria. Akatembea mpaka kwenye pazia, akalisukuma, akatoka. Pazia likabaki limekunjika, na kutoka sakafuni Bila Pole aliona kila kitu. Binti yake amesimama ukutani, viganja vimeziba mdomo, hathubutu kusogea. Daktari kwenye benchi, ameshavaa koti lake, jeupe kupita yote. Mtoto akasita. Akalitazama koti. Akatazama benchi, ambalo lilikuwa refu na lenye nafasi. Akapanda, kwa shida kidogo, akakaa pembeni ya daktari, miguu inaning’inia.

“Wewe umefanya nini?” akauliza.

“Nimesema pole,” akasema daktari.

“Hata mimi.”

Kisha Hedimasta akamtazama mama yake pale ukutani, akamkagua toka juu mpaka chini. Akajisogeza, akapiga kiganja kwenye mbao tupu iliyobaki.

“Kaa na wewe,” akasema. “Wewe ulisema nyingi zaidi.”